Mwili wa Mwanachama

...na usifungue mdomo mpaka nirudi, amesema Sista Lydiah, akanitia themometa chini ya ulimi, akaingia ndani kwenye chai yake, basi nimefunga, midomo nimeikaza, meno nimeyaachanisha kwa sababu hiki ni kioo cha serikali na mimi ni mwenyekiti wa chama, mwenyekiti akitafuna mali ya serikali itasemwa Kaloleni nzima kabla sijafika mlangoni kwangu... na kusema kweli sijambo, malaria ipo, naisikia inanitembea mgongoni, inapanda, inashuka, lakini jua la Desemba limelipiga hili benchi tangu asubuhi, mbao zina joto tamu, na Asenath amekaa ubavuni pangu, ameshika mkoba wangu na sweta yangu, ameniambia niegemee, nimeegemea, bega lake ni bega hasa, si mifupa mitupu kama wasichana wa siku hizi, na kutoka soko la Burma unakuja ule moshi wa nyama ya Jumamosi, watu wa choma wameanza mapema leo, Mungu anisamehe, mgonjwa wa malaria hatakiwi kutamani mbavu lakini mimi natamani, nikipata nafuu nitamtuma Nyongesa aniletee, mume mwema yule, hanung'uniki, huuliza tu, yenye mafuta au isiyo na mafuta... kwa hiyo nipo, sina neno, ningeweza kukaa hapa mpaka jioni na Sista akanisahau kabisa, ila saa tisa kuna mkutano, na mkutano hauanzi bila mimi, na jambo la mkutano ni huyu huyu ninayemwegemea.

Maana mgonjwa hasa ni yeye, hicho ndicho kichekesho, mimi nina malaria, kitu cha vidonge na usingizi, yeye ana rovu, uvimbe wa shingoni, na ndiye aliyenikuta asubuhi natetemeka mlangoni, akanifunga leso, akanikokota mpaka hapa, njia nzima akisimama, tulisimama kwa fundi wa viatu, tukasimama penye mfereji, nikidhani ananingoja mimi kumbe anaingoja pumzi yake... rovu hilo nimelijua likiwa ndimu, tukamtania, tukasema Asenath amemeza ndimu ya watu amekataa kuirudisha, naye alicheka kutushinda sisi, alikuwa na sauti wakati ule, kanisani akiimba sauti ya kwanza hata mchungaji alipoteza ukurasa, halafu likawa chungwa, sasa limekuwa kitu ambacho sijui tunda lake, na lina filimbi, naisikia hapa begani, ndogo, inaingia, inatoka, inaingia, daktari wa hospitali kubwa alimwambia likatwe, lisipokatwa litaziba njia ya pumzi, asingoje mvua za masika, alimwambia hivyo, kisha mtu mwingine kwenye dirisha jingine akamwambia kwamba tangu mwezi huu uanze mambo si kama zamani, mgonjwa anachangia, kitanda anachangia, uzi anachangia, dawa ya kumlaza anachangia, na Asenath ni mjane anayeuza mrenda na kunde Burma, atachangia nini, majani?... basi akaja kwetu, kwenye chama chetu cha Tusaidiane, mkutano uliopita alisimama na hiyo filimbi yake akasema, akina mama, naomba chama kinisaidie nikakatwe, akaketi, hakulia, hakuhadithia sana, angelia pengine ingekuwa rahisi, tungelia naye tukaimba wimbo tukaenda nyumbani, lakini aliketi akakunja mikono, na Mama Lusweti mweka hazina akakohoa akasema anayeijua katiba ni mwenyekiti, wote wakanigeukia. Nikasema nitakwenda kuitazama, jibu nitatoa mkutano ujao, yaani leo, ingawa jibu nilikuwa nalo pale pale, kwa sababu katiba ile naijua kama Baba Yetu, na katiba ile ni ya mazishi, imeandikwa kwa ajili ya mazishi, haina hospitali ndani yake hata chembe... katiba hairuhusu, ndivyo nitakavyosema, naipenda sentensi hiyo, inakaa mdomoni vizuri kuliko hii themometa, mtu akishaisikia hana la kuongeza, hata Nyongesa nyumbani nimewahi kumwambia hivyo juu ya jambo ambalo halikuhusu chama hata kidogo, akaendelea kula.

...hiyo kitu iko, anasema mzee Irungu, iko ndani, na yule kijana wa tai anasema haiko, mzee, haiko kabisa, jamani wamebishana hivi tangu tufike, Irungu huyu ni seremala wa Burma, kitanda ninacholala ni chake na kitanda anacholala Asenath ni chake, leo mguu umemvimba, ameunyoosha mbele ya benchi watu wauruke kama kizingiti, na kijana anaitwa Chege, ni karani kwa wakili mjini, amelisema hilo mara mbili ili lisipotee, kidole gumba kimebanwa na mlango amekifunga leso nyeupe, na kisa chenyewe ni karatasi iliyobandikwa dirishani pale, kwamba wananchi watachangia gharama za matibabu, hapa kliniki kwetu bado, lakini karatasi imeshatangulia, mzee Irungu aliisoma kwa sauti, akaisoma tena, akasema hii karatasi imevunja katiba ya nchi, hapo ndipo tai ikaamka... wabishane tu, mimi nawasikia vizuri, laiti ningekuwa na mdomo ningewanyamazisha, katika mambo ya katiba hakuna wa kuniambia kitu, lakini Sista amesema nisifungue, na mimi nikiambiwa sheria naishika, ndivyo nilivyoumbwa, hata shuleni mwalimu alipochora mstari wa mchezo wa kati mimi ndiye niliyewaambia wenzangu, umekanyaga... Irungu anasema siku ile tulipopata uhuru tuliambiwa maadui ni watatu, ujinga, umaskini, maradhi, na serikali itapigana nao, alikuwepo, alikuwa amevaa koti jipya, aliambiwa akiwa amesimama pale uwanjani na jua limempiga, sasa kama maradhi ni adui wa serikali, mtu anatozwaje kwa kupiganiwa vita ambavyo si vyake?... na hapo namwona ana maneno mzee huyu, hata mimi hiyo ya maadui watatu naijua, nani haijui, mwanangu Patrobas aliikariri shuleni akiwa hana meno ya mbele, akawa anasema umathkini, tukacheka mpaka tukalia, na miaka yote hii kama ungeniuliza imeandikwa wapi ningekwambia kwenye katiba, bila kufikiri, maana siku zile sisi hatukutenganisha, hotuba, wimbo, bendera, ahadi, vyote vilikuja pamoja asubuhi moja na sisi tumevaa nguo mpya, tukaviweka kwenye kabati moja... lakini Chege anasema hiyo ilikuwa hotuba, mzee wangu, hotuba si katiba, na ilani ya kuombea kura si katiba, anasema polepole, kwa heshima, nampenda kidogo kwa hiyo heshima, ila tai imezidi urefu.

Basi ikiwa haikuwa katiba ilikuwa nini?... Patro alipoanguka kutoka ukutani akavunjika mkono tulimpeleka hospitali, wakamnyoosha, wakamfunga plasta, akapewa na uji, hakuna aliyetuuliza kitu mlangoni ila jina, na Nyongesa na pumu yake kila baridi ya Julai, na mimi na macho yangu, tulikuwa tukiingia pale kama mtu anavyoingia kwa shangazi yake, sijui nilikuwa nikishukuru au la, sidhani, nani anashukuru kwa kitu cha kila siku, unakiita haki yako, unakiona chako, kisha karatasi inabandikwa dirishani na unagundua kilikuwa wema wa mtu, na wema una mwenyewe, mwenyewe akichoka anauchukua... ah, malaria hii inanifanya nifikiri kama mhubiri, ngoja nitulie, Asenath ananipangusa paji la uso kwa ncha ya leso, anasema jasho limetoka, ni vizuri, likitoka jasho homa inashuka, mikono yake inanuka kunde, harufu nzuri, ya nyumbani, ya mvua ikiwa imekatika na mama ameshachuma, na hajaniuliza hata mara moja leo jibu ni nini, tangu asubuhi, kunifunga leso, kunikokota, kunibebea mkoba, kunipangusa, hajauliza, mwingine angesema ananinunua, lakini huyu amekuwa hivi siku zote, mwaka ule nilipofiwa na mama ni yeye aliyeingia jikoni kwangu bila kubisha akakaa wiki, kwa hiyo siwezi hata kujifariji kwamba ananinunua, angekuwa ananinunua ningekasirika, ningesema katiba hairuhusu kwa raha zangu... anabishana sasa na nzi, anamfukuza asitue kwenye themometa.

Chege ameinama sasa, ameshusha sauti, siku hizi maneno ya katiba husemwa chini chini kama ya ugonjwa wa aibu, na sisi wengine kwenye benchi tumeinamia upande wake bila kujifanya hatukuinama, mimi na kioo changu mdomoni, anasema, "Mzee, mimi nimeipiga chapa kwa vidole hivi. Inasema hakuna mtu atanyang'anywa uhai wake kwa makusudi. Hapo imefika. Haisemi utapewa dawa." Na mzee Irungu anautazama mguu wake, nafikiri ameshindwa, kisha anasema, "Kwa hivyo kuuawa ndiyo wamekataza. Kufa, unaweza kufa tu." Na Chege anasema, "Kufa ni yako, mzee." Wote wawili wanacheka, kicheko kifupi, Irungu anageuka kuangalia kama kuna masikio nyuma yetu, hakuna, kuna ukuta wa kliniki tu na paka... kufa ni yako, ona neno hilo, kijana mdogo kulisema, na mbona limenichoma mimi badala ya mzee, nimelisikia likinishuka kooni na kupita chini ya themometa, kwa sababu kufa kwetu sisi si kwa mtu, kwetu kufa ni kwa chama, hiyo ndiyo kazi yetu, hiyo ndiyo fahari yangu, kwamba mwanamke wa Tusaidiane akifa hafi peke yake, tunajua nani ataleta gari, nani atapika, nani atakaa na watoto, yaani katiba yao inakataza usiuawe, katiba yetu inakuhudumia ukishakufa, na hapo katikati, kwenye kuugua, hakuna mtu, hakuna wa serikali hakuna wa chama, yuko Asenath peke yake na filimbi yake... naisikia, inaingia, inatoka.

Lakini hazina ile haichezewi, hapana, nikikumbuka ilivyoanza nasema hapana, yule mama wa nyumba ya pembeni, mke wa mpagazi wa reli, alikufa na mumewe hana kitu, hatukuwa na chama, tulikimbia huku na huko na vikapu tukichangisha, pesa hazikutosha kumfikisha hata Nakuru, seuze nyumbani, akazikwa Lang'ata, makaburi ya mji, siku ya katikati ya wiki, tulikuwa akina mama wachache na mchungaji wa kuazima, pembeni wanazikwa watu wengine ambao hatuwajui, kilio chao kikaingia kwenye wimbo wetu, na baadaye mama yake akaja kutoka kijijini, mzee, na fimbo, akaketi kitini kwangu, akaniuliza, mtoto wangu mmemweka wapi?... hakulaumu, aliuliza tu, kama mtu anayeuliza sufuria yake iko wapi, na mimi sikuweza kumwambia mahali kwa sababu sikupakumbuka, makaburi yamefanana yale, basi wiki ile ile tukaunda chama, nikaapa hakuna mwingine, na hakuna mwingine, miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyebaki Lang'ata, wote wamefika kwao, wamelala karibu na migomba ya mama zao, kwa hiyo mtu asiniambie mimi nina moyo mgumu, hazina ile ni blanketi la kila mmoja wetu, ukilikata kumfunika mmoja leo utamwambia nini wa kesho... hivyo ndivyo nilivyopanga kusema, nilikuwa nimepanga hata pale pa kunyamaza kidogo ili wafikiri, kisha nimalizie, katiba hairuhusu, kisha tuombe.

...mwili yangu mimi, anasema Irungu, amekasirika sasa, amejipiga kifua, mwili yangu ndiyo imejenga hii kliniki, hizo mbao za paa nilibeba mimi kutoka kituo mpaka hapa, hii benchi mnakalia ni mimi, na hii mwili ikiharibika wanasema haiko kwa katiba, sasa kwa katiba kuko nini, kuko kiti yao?... mwili yangu, anasema, mwili, na mimi nilikuwa nataka kumsahihisha kimoyomoyo, mzee, ni mwili wangu, Kiswahili chako ni cha randa na msumari, lakini neno limekataa kupita, limesimama... mwili... neno hili nimekuwa nalo mahali, nimeliandika kwa mkono wangu, mwili, mwili wa... ngoja, ngoja, Selpher, taratibu usiume kioo... tulikuwa nyumbani kwangu, meza ile ya maua, chai, mkate wa siagi, mvua nje, Mama Lusweti alikuwa na mimba ya mtoto wake wa mwisho na alikuwa mkali kama pilipili, mimi nina kalamu, nikasema sasa kifungu chenyewe, nikaandika nikisoma kwa sauti, Chama kitagharamia maiti ya, na Asenath akaweka kikombe chini. Naona kikombe kile. Akasema, "Mama Patro, usiandike maiti. Ukiliandika litatujua majina." Na mimi nikasema hili ni jambo rasmi, dada, lina lugha yake, akasema rasmi au si rasmi, mimi siweki sahihi penye maiti na watoto wangu wadogo, na wengine wakamuunga mkono, kila mmoja, hata Mama Lusweti na ukali wake, tukatafuta, marehemu wakakataa, aliyefariki wakakataa, mwendazake wakasema hilo ni la redioni, mpaka Asenath mwenyewe akasema, andika mwili, kila mtu ana mwili, hakuna atakayeshtuka, nikaandika mwili, nikafuta yote mengine, mwanzo mpaka mwisho nikafuta, na Mama Lusweti akasema weka popote, mtu anaweza kuwa Mombasa, nikaweka popote, na kifungu kikakaa hivi, hivi hivi, nakisoma hapa kwenye kope za macho, Chama kitagharamia mwili wa mwanachama, popote utakapokuwa, mpaka ufikishwe nyumbani kwake.

Hakuna kufa. Nakisoma tena, namwambia malaria asubiri, nakisoma neno kwa neno kama mtu anayechambua mchele, chama, kitagharamia, mwili, wa mwanachama, popote, utakapokuwa, mpaka, ufikishwe, nyumbani, kwake, hakuna kufa, hakuna mazishi, hakuna jeneza, tuliyaogopa maneno hayo tukayafukuza moja moja mpaka kifungu kikabaki bila kifo ndani yake, na miaka yote hii nimekuwa nikikisoma mbele ya watu nikiona kaburi ambalo halikuandikwa, tumelitia sisi wenyewe, kwa mazoea... jamani... na mwili ni nini, mwili ni hiki ninachokiegemea, kina joto, kinanuka kunde, kinapiga filimbi, mwanachama je, ni mwanachama, hajakosa mkutano tangu siku ya kikombe, popote je, benchi la kliniki ni popote, na hospitali kubwa ni popote, mpaka ufikishwe nyumbani kwake, basi ukitoka kukatwa unafikishwa nyumbani, kwani kuna nyumbani kwa wafu tu?... na aliyetuletea neno hilo ni yeye mwenyewe, rovu likiwa ndimu, alilichagua kwa ajili ya kuogopa tu, kwa ajili ya watoto wake, nami nililiona ni uoga wa kijijini nikaliandika kwa kumridhisha.

Au ni ujanja? Subiri, Selpher, jiulize vizuri, wewe ndiye mwenye mstari, wewe ndiye wa kuwaambia wengine umekanyaga, je huku si kukanyaga, kuliambia neno liseme jambo ambalo hatukulikusudia?... hatukulikusudia, ni kweli, lakini tulikusudia nini, tulikusudia mtu asipotee, tulikusudia mama wa mtu asije na fimbo yake kuketi kitini kwangu akauliza mmemweka wapi, na je, akija mama wa Asenath, yu hai yule, anaona kidogo, akija akaniuliza mlimfanyia nini, nitamwambia tulingoja? tulikuwa tumeweka akiba nzuri, mama, tukangoja afe ndipo afae kutolewa akiba hiyo? hapana, siwezi kulisema hilo hata kwa homa, na Mama Lusweti akisema akifa mwingine mwezi ujao tutatoa wapi, nitamwambia tutatoa tulikotoa kabla ya chama, vikapuni, kwa nyimbo, nyumba kwa nyumba, na aliyekufa anaweza kungoja kwenye chumba cha baridi siku mbili tatu, hana haraka, mwenye haraka ni anayepumua kwa filimbi, atanuna, mwache anune, mkali yule lakini ana moyo, nakumbuka aliposikia Asenath akiomba alikohoa, hakikuwa kikohozi, alikuwa anameza machozi, mimi namjua, walinigeukia wote siku ile nami nikadhani wananiomba niwakatalie, labda walikuwa wananiomba niwafungulie mlango... na hawa wawili, Chege na Irungu, wameanza upya, Chege anasema kuongeza neno kwenye katiba ya nchi kunahitaji watu wakubwa wakae, na Irungu anasema wakae basi, wanangoja nini, viti atawatengenezea, na mimi nafikiri labda siku moja watakaa, sijui lini, Patro atakuwa na mvi, watakaa kwenye meza yao na chai yao, na Mungu awape mtu wa kuweka kikombe chini aseme usiandike hilo, andika hili, ile yao mimi siwezi kuifikia, sijaiona hata rangi ya jalada lake, lakini ya Tusaidiane iko kabatini kwangu chini ya vitambaa, nimeiandika mimi, naisoma mimi, na leo saa tisa nitaisoma polepole, nitasimama kwenye mwili, nitawaambia, akina mama, mwenye kuona kifo hapa anionyeshe kwa kidole.

Moyo unanidunda, sijui ni malaria au ni nini, nina furaha, nasema wazi, nina furaha ya kijinga kama msichana aliyepata viatu, nataka kuruka, nataka kumwambia sasa hivi, na siwezi, ndani Sista Lydiah anacheka na mtu habari za Krismasi, kijiko kinazunguka kikombeni, hana haraka, themometa iko pale pale chini ya ulimi, imeshapika ulimi wangu, jua liko pale pale, mguu wa Irungu uko pale pale, mtoto anauruka, na Asenath ameinamisha kichwa ananitazama, anasema kwa hiyo sauti yake nyembamba, "Mama Patro, na homa hii yote, unacheka nini?" Namtingishia kichwa, namwonyesha mdomo, siruhusiwi, anasema haya, nyamaza, usije ukaivunja, nami nautafuta mkono wake juu ya mkoba naukamata, anadhani ni homa, anaubana, na mimi naubana, kwa nguvu, mpaka anashangaa, vumilia kidogo, namwambia kwa mkono, leo nina jibu lako, mwili wako tutaufikisha nyumbani, Asenath, na utafika ukitembea, tena utakuwa mbele yetu, ukitugombeza tupige hatua.